Kwa Baiskeli Kutoka Moshi Hadi Chemchemi za Chemka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Chemka ni wapi hasa, na kwa nini wengine hupaita Kikuletwa au Maji Moto?

Chemka ni kijiji cha Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro, katika tambarare iliyo kusini mwa barabara kuu ya Moshi na Arusha, upande wa Rundugai. Maji ya chemchemi zake huingia katika Mto Kikuletwa, na kwa sababu hiyo ramani nyingi huziandika kwa jina la mto huo. Majina yote matatu yanampeleka msafiri mahali pamoja, ila ukiuliza njia vijijini, jina la Chemka ndilo linaloeleweka haraka zaidi.

Je, maji yake ni ya moto kweli?

Hapana. Ni ya uvuguvugu tu, na mtu aliyetoka jasho juani huyaona hata ya baridi anapoingia mara ya kwanza. Jina la Maji Moto limewavunja moyo wageni wengi waliotarajia mvuke na ukungu. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kudanganyika, kwa kuwa neno chemchemi lenyewe ni ndugu wa kuchemka: maji yanayobubujika kutoka chini hutikisika kama yaliyo jikoni hata yasipokuwa na joto. Simama ukingoni pale ambapo mchanga wa chini unapandishwa na maji, utazame kwa dakika chache, na hutauliza tena jina la kijiji lilitoka wapi.

Ni umbali gani kutoka Moshi, na safari huchukua muda gani?

Kwa njia ya Boma Ng'ombe ni takriban kilomita 35 hadi 40 kwenda tu, kutegemea unaanzia sehemu gani ya mji. Sehemu kubwa ni lami, na kilomita zaidi ya kumi za mwisho ni barabara ya vumbi. Mwendeshaji aliyezoea hufika kwa saa mbili na nusu, ilhali mtu wa kawaida anayesimama kunywa chai na kupiga picha ahesabu saa tatu hadi nne. Kurudi huchukua muda mrefu zaidi, na jambo hilo tumelieleza peke yake hapa chini kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi.

Njia yenyewe inapita wapi?

Unatoka Moshi mjini kuelekea magharibi kwa barabara kuu ya Arusha, ukivuka Karanga, Weruweru na Kikafu, mito inayoteremka kutoka mlimani na kuchimba mabonde yanayokatiza barabara. Kila bonde lina mteremko wa kushuka na kipandio cha kutoka, kwa hiyo yeyote aliyeambiwa kwamba barabara hii ni tambarare aliambiwa na mtu aliyeipita akiwa ndani ya basi. Ukipita Kwa Sadala unafika Boma Ng'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, mji wenye hoteli za chakula, maduka na mafundi baiskeli. Hapo ndipo mahali pa kujaza maji, kukaza breki na kula kitu cha maana, kwa sababu mbele maduka ni machache.

Kutoka Boma Ng'ombe unaiacha lami na kushika barabara ya vumbi inayoelekea kusini. Ardhi inateremka taratibu, miti inapungua, joto linaongezeka. Unapita mashamba ya mahindi, mifereji ya umwagiliaji, migunga, na mara kwa mara makundi ya ng'ombe na mbuzi yanayochungwa na vijana wa Kimaasai. Njia inakatiza reli ya Arusha, ile iliyofika mji huo mwaka 1929; vuka reli kwa kuikata moja kwa moja, usiivuke kwa mshazari, kwani gurudumu jembamba likiingia katika mwanya wa chuma utakwenda chini kabla hujajua kilichotokea. Baada ya uwanda mkavu ambao kwa macho hauahidi kitu chochote, miti mirefu ya kijani inajitokeza ghafla mbele yako. Miti hiyo ndiyo Chemka.

Barabara kuu ni salama kwa baiskeli?

Swali hili tunalijibu bila kulipamba: si salama vya kutosha kwa mtu asiyezoea kuendesha kati ya magari. Ni barabara ya mabasi ya masafa marefu, malori na magari madogo ya abiria yanayosimama popote abiria anapoinua mkono. Sehemu ya kuangaliwa kuliko zote ni bonde la Kikafu, ambapo barabara inashuka kwa kona hadi darajani na kupanda tena, na malori yenye mzigo huja nyuma yako yakiwa yamekazia breki. Usishuke hapo kwa mbio hata kama baiskeli inakubembeleza. Wengi wetu hushuka na kukokota baiskeli pembezoni wakati magari ni mengi, wala hakuna aliyewahi kuchekwa na mtu mwenye akili kwa kufanya hivyo.

Shika kushoto, endesheni mmoja nyuma ya mwingine, vaa nguo ya rangi inayoonekana kwa mbali na kofia ngumu. Ukisikia honi ndefu nyuma yako, usigeuze kichwa kwa ghafla, kwa sababu mkono hufuata jicho na usukani hufuata mkono. Sogea tu kushoto hadi nje ya lami na uache gari lipite. Jihadhari pia na rasta, yaani matuta madogo ya mfululizo yaliyowekwa kukatiza lami kabla ya makazi na vivuko, ambazo hutikisa mikono ya mtu aliyelegeza usukani.

Mwenye hofu ya barabara kuu anaweza kupakia baiskeli kwenye gari hadi Boma Ng'ombe na kuanzia hapo. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu nzuri zaidi ya safari hata hivyo, na anayeikosa lami hajakosa mengi.

Hakuna njia nyingine inayoepuka barabara kuu?

Ipo njia ya chini, inayotoka Moshi kuelekea kusini, kisha kugeuka magharibi kwa njia za mashambani na vijijini. Ukiipima kwa ramani ni fupi, maana Chemka haiko mbali na Moshi kwa mstari ulionyooka. Kinachorefusha ni mito. Weruweru na Kikafu ulizovuka kwa daraja la lami huko juu lazima uzivuke tena huku chini, na huku vivuko vyake hutegemea msimu. Wakati wa masika mto unaouruka kwa hatua mbili mwezi Septemba unaweza kufika kifuani.

Sehemu ya upande huo imo ndani ya mashamba ya miwa ya TPC, kiwanda cha sukari kilichopo tangu miaka ya 1930. Mashamba hayo yana utaratibu wake, na barabara zake za ndani ni za kazi, zenye matrekta yanayovuta miwa. Omba ruhusa kabla ya kukatiza. Anayekwenda mara ya kwanza na aende na mwenyeji, kwa sababu njia za miwa zinafanana zote na mmea ukishakomaa huoni mlima wala mji.

Nimesikia kwamba kwenda ni rahisi na kurudi ni kazi. Ni kweli?

Ni kweli, na ndilo jambo tunalotaka msomaji aondoke nalo hata akisahau mengine yote. Boma Ng'ombe iko juu kuliko Chemka. Asubuhi unashuka ukiwa na nguvu mpya, hewa bado ya baridi, na unajiona bingwa. Unaogelea, jambo ambalo huchosha mwili bila mwenyewe kujua, unakula, unalala kidogo chini ya mkuyu, kisha saa 8 mchana unapanda baiskeli kwenye joto kali zaidi la siku, ukikabili kipandio kirefu ambacho jicho halikioni ila miguu inakihisi. Hakuna kilima cha kukionyesha kwa kidole. Ni ardhi yote inayoinuka kidogo kidogo kuelekea mlimani, na vumbi laini linalomeza tairi.

Kwa hiyo igawe nguvu yako ukianzia mwisho. Ondoka chemchemini ama kabla ya saa 5 asubuhi, ama subiri hadi saa 9 alasiri ukiwa umehakikisha kwamba utafika Boma Ng'ombe mchana ungalipo. Jua huzama kabla ya saa 1 usiku mwaka mzima, na barabara kuu usiku si mahali pa baiskeli.

Ni miezi gani inafaa?

Juni hadi Septemba ni majira mazuri, kwa kuwa ni ya kipupwe, vumbi lipo lakini joto linavumilika. Januari na Februari anga huwa wazi na mlima huonekana vizuri, ila jua la tambarare ni kali. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hatuipendekezi: udongo wa uwandani ukilowa hunata kwenye magurudumu hadi yakaacha kuzunguka, na utajikuta umebeba baiskeli badala ya baiskeli kukubeba wewe. Vuli ya Novemba na Desemba ni bahati nasibu. Mvua huweza kunyesha usiku na njia ikakauka ifikapo saa 4 asubuhi.

Kuhusu saa, anza saa 12 asubuhi au mara tu kunapopambazuka. Faida si ubaridi peke yake. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, huwa wazi mapema kisha hujifunika mawingu kadiri jua linavyopanda, na anayetoka Moshi saa 3 huendesha safari nzima pembeni ya mlima asiouona.

Ninahitaji baiskeli ya namna gani?

Baiskeli yenye gia na tairi pana zenye meno ndiyo inayofaa. Hata hivyo, wenyeji wa Rundugai huenda Boma Ng'ombe na kurudi kwa baiskeli nzito zisizo na gia, wakiwa na gunia nyuma, kwa hiyo tusijifanye kwamba chombo ndicho kila kitu. Lililo la lazima ni breki mbili zinazoshika, mnyororo uliopakwa mafuta, na tairi ambazo hazijaota kipara. Moshi kuna mahali pa kukodi baiskeli. Kabla hujalipa, izungushe mtaani, ubadilishe gia zote, na ukaze breki ukiwa katika mwendo.

Pancha je?

Tarajia. Miiba ya migunga iliyoanguka njiani na mbigili za pembezoni hazichagui tairi la bei. Mwandishi wa ukurasa huu aliwahi kuziba pancha tatu kati ya Boma Ng'ombe na Chemka katika asubuhi moja, ya tatu kwa sababu alikuwa na haraka na hakupapasa ndani ya tairi kuutoa mwiba uliosababisha ya pili. Beba tyubu mbili za akiba, viraka na gundi yake, msasa, pampu na spana zinazoingia kwenye baiskeli yako. Usitegemee gundi iliyokaa wazi nyumbani kwa miezi. Hukauka ndani ya kichupa na utaligundua hilo ukiwa porini.

Maji ya chemchemi yanatoka wapi, ilhali eneo lote ni kavu?

Wengi hudhani ni theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyoyeyuka. Mchango wa barafu ni mdogo sana. Mvua kubwa ya mlima hunyesha katika ukanda wa msitu, na mwamba wa volkano, wenye nyufa na matundu, huyameza maji hayo. Yanasafiri chini ya ardhi kwa muda mrefu, yakichujwa njiani, kisha hutokeza pale ambapo mlima unakutana na tambarare. Kwa hiyo Chemka haitegemei mvua ya Chemka. Maji hutoka wakati wa kiangazi kikali, yakiwa maangavu hadi unahesabu mizizi ya mikuyu iliyo chini. Mji wa Moshi nao huishi kwa baraka hiyohiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mjini hutoka katika chemchemi kama Nsere na Shiri.

Kutoka hapa maji huendelea na safari: Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lenye mitambo ya umeme ya megawati 8, na kutoka bwawani unaanza Mto Pangani, unaozungusha mitambo ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani kabla ya kumwagika katika Bahari ya Hindi. Karibu na Chemka pia kuna kituo cha zamani cha umeme wa maji cha Kikuletwa, ambacho sasa kiko mikononi mwa Chuo cha Ufundi Arusha. Unapojirusha kidimbwini, maji uliyoyatibua yana kazi nyingi zinazoyangoja mbele.

Yakiwa safi hivyo, naweza kujaza chupa yangu na kuyanywa?

Tunakusihi usifanye hivyo. Uangavu ni sifa ya macho tu. Maji ya chini ya ardhi katika tambarare za Hai na Arumeru hubeba floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano inayoyapitisha. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya ukanda huu hukivuka. Kwa watoto wanaokua wakiyanywa kila siku, meno huwa na rangi ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa zaidi hata mifupa hupinda. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba Ngurdoto, upande wa Arumeru, kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi majini, na mkaa wa mifupa ya ng'ombe umetumika kuyachuja.

Chupa moja haitamlemaza mgeni. Lakini kuna watu na mifugo juu ya chanzo hichohicho, na tumbo la mwendeshaji likivurugika kilomita 35 kutoka nyumbani, siku imekwisha. Beba lita tatu kwa kila mtu kutoka Moshi au Boma Ng'ombe, na chumvi kidogo ndani ya chakula.

Kuogelea kuna hatari gani?

Vidimbwi vina kina kirefu kuliko vinavyoonekana, kwa sababu maji maangavu husogeza chini karibu na jicho. Asiyejua kuogelea abaki ukingoni au avae boya. Kuna kamba inayotumika kujirusha kutoka mtini. Kabla ya kuishika, tazama wapi wengine wanaangukia, wala usijirushe kichwa kwanza, kwani mizizi ipo chini ya maji. Mkondo unaotoka kidimbwini una nguvu ya kumsukuma mtoto. Visamaki vidogo vitakuja kudonoa ngozi ya miguu yako. Havina madhara, ingawa mara ya kwanza kila mtu hupiga kelele.

Jambo la kichocho linahusu zaidi mifereji ya mashambani utakayoipita njiani. Konokono wanaobeba vimelea vyake hupenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole penye majani, kwa hiyo usinawe miguu mferejini hata vumbi likikukera. Mwenye dalili baadaye, kama damu katika mkojo au choo, aende zahanati apimwe. Ugonjwa huu una dawa.

Kuna kiingilio? Na kuna taratibu gani za kufuata?

Kiingilio kipo, na wageni wa nje hulipa zaidi kuliko raia. Bei hubadilika, hivyo beba fedha taslimu za noti ndogo na udai risiti. Mwisho wa juma na siku za sikukuu watu huwa wengi na muziki huwa wa juu. Anayetaka utulivu aende katikati ya wiki.

Ukipita vijijini, vaa suruali au kaptura ndefu na fulana, na akina mama na akina dada wafunge kanga au kitenge wanapotoka majini kwenda vibandani. Mzee aliyekaa kivulini anaamkiwa shikamoo kabla ya kuulizwa njia, hata kama una haraka na umetota jasho. Atakayekuonyesha njia fupi ni huyo. Usipige picha wachungaji bila kuomba. Ukikutana na ng'ombe wamejaza barabara, shuka, simama upande mmoja, uache mchungaji aamue, maana kengele ya baiskeli huwatawanya, na kuwakusanya tena ni kazi ya mtoto wa miaka kumi.

Sabuni isiingie majini. Hili si suala la mandhari tu: mita chache chini ya unapojipaka povu, maji hayo yanaingia mferejini kuelekea kwenye shamba la mtu.

Chakula kinapatikana pale?

Vibanda huuza vinywaji, chipsi na nyama choma, lakini kuagiza huchukua muda. Ni bora kula mtori au chapati na maharage Boma Ng'ombe unapokwenda, kisha kubeba ndizi mbivu na karanga. Funga mfuko vizuri na usiuache peke yake: tumbili wa mikuyuni wanajua zipu.

Naweza kwenda na watoto?

Safari nzima kutoka Moshi, hapana, kwa sababu ya barabara kuu. Kutoka Boma Ng'ombe hadi Chemka, mtoto wa miaka 12 na kuendelea aliyezoea baiskeli ataiweza ya kwenda, nanyi mpange gari la kuwarudisha.

Nikichoka, nitarudije?

Bodaboda husubiri abiria karibu na chemchemi, na baadhi hukubali kufunga baiskeli nyuma, ingawa kwa umbali huo tunashauri gari. Kubaliana bei kabla baiskeli haijainuliwa, na bei itaje mtu na baiskeli kwa pamoja. Ukifika Boma Ng'ombe, magari ya Moshi hupita mara kwa mara hadi jioni. Kondakta ataiweka baiskeli juu au nyuma kwa malipo ya ziada. Mwambie alaze upande wa mnyororo juu, na wewe mwenyewe ushike gurudumu la mbele ukilitoa, kwa sababu nati zake zikidondoka njiani hazipatikani tena.